SOMANGA: Duka huhama, deni hubaki

MWENYE mtaji mdogo anayetafuta mahali pa kufungua duka katika mwambao wa kusini hupewa ushauri uleule na kila mtu: nenda watu wanaposimama. Ushauri huo ni mzuri, lakini una upungufu mmoja. Haumwambii watu hao wataendelea kusimama hapo kwa muda gani.

Somanga, wilayani Kilwa, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hilo. Kijiji hiki cha wavuvi kiko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, baada ya kuvuka Rufiji na kabla ya kufika Nangurukuru. Abiria wanakijua kwa samaki wa kukaanga na pweza. Madereva wa malori wanakijua kwa kupoza injini na kunyoosha miguu. Wachuuzi wa samaki wanakijua kwa diko lake. Wote hao ni wateja, na kwa hesabu ya juu juu mtu angetarajia kukuta maduka yaliyokaa hapo miaka 30.

Sivyo ilivyo. Banda linalouza soda mwaka huu, mwakani ni nguzo nne zisizo na paa. Palipokuwa na genge la nyanya na vitunguu pana wakala wa fedha za simu, naye huenda asimalize mwaka wa pili. Mpita njia akiona hivyo husema watu wa hapa hawatulii, hawana uvumilivu wa biashara. Hiyo ni hukumu ya mtu aliye dirishani kwenye basi.

Ukweli ni kwamba maduka mengi ya kando ya barabara hayafi kwa sababu wenyewe hawajui kuuza. Yanakufa kwa sababu kile kilichomfanya mteja asimame pale kimeondolewa, tena na watu walio mbali ambao hawakujua kama kuna duka. Na duka linapokufa, hasara kubwa si mabati wala mbao. Hasara kubwa ni daftari la mkopo.

Matope yalikuwa mteja

Hadi mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam kwenda kusini lilivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mto ukijaa, kivuko kilisimama na foleni ikalala hapo hapo. Foleni ikilala, watu hula, hununua mafuta ya taa, hutafuta pa kujilaza. Mateso ya msafiri yalikuwa riziki ya mwenye banda. Waswahili walishasema: kufa kufaana.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilipofunguliwa mwaka 2003, foleni ile iliyeyuka. Hakuna mwenye akili aliyelalamika, maana mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa imelisubiri daraja hilo kwa miaka mingi mno. Lakini wale waliokuwa wakiuza chai na ubwabwa kwa waliokwama walipoteza soko kwa mpigo.

Kikwazo hakikwisha, kilisogea tu. Kati ya Ndundu na Somanga zilibaki kilomita 60 za udongo, na masika kipande hicho kiliweza kumla msafiri siku nzima. Somanga ikawa mwisho wa matope kwa anayekwenda kusini, na mwanzo wa matope kwa anayekwenda Dar es Salaam. Huyu anasimama kushukuru, yule anasimama kujipa moyo. Wote wawili wananunua.

Lami ya kipande hicho ilichelewa sana, ikakamilika katikati ya muongo wa 2010. Baada ya hapo safari ya Dar es Salaam hadi Lindi ikawa ya siku moja bila wasiwasi, na dereva aliyekuwa halazimiki kusimama alianza kuchagua. Hapo ndipo biashara ya Somanga ilipobadilika tabia. Zamani mteja alikuja kwa sababu hakuwa na njia. Sasa lazima avutwe: samaki awe wa leo, choo kiwe safi, bei isiwe ya kumkomoa. Waliozoea kuuza kwa waliokwama hawakuyaona mabadiliko hayo mapema, nao ndio wa kwanza kufunga.

Mwaka 2023 yakaja mengine. Serikali iliondoa marufuku ya mabasi ya abiria kusafiri usiku, iliyokuwa imedumu kwa miaka mingi. Kwa msafiri huo ni uhuru. Kwa mama lishe ni saa mpya za kazi. Abiria aliyezoea kushuka mchana akanunua samaki na muhogo anaweza kupita hapo saa nane za usiku akiwa amelala, na basi likisimama ni la kuchimba dawa tu. Hakuna aliyefungiwa banda kwa amri. Saa ndiyo iliyohama.

Kivinje ilitangulia

Anayedhani hadithi hii ni ya juzi na atembelee Kilwa Kivinje. Wilaya ya Kilwa huenda ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko zote nchini kwamba soko linaweza kuhama na kuacha kuta nyuma yake.

Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, na msafiri Ibn Battuta aliyefika hapo mwaka 1331 aliusifia uzuri wake. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505 na njia za biashara zikavurugika. Leo ni magofu, yaliyowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981.

Katika karne ya 19 biashara ilikuwa imehamia bara, Kilwa Kivinje. Huko ndiko misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa ilikomea, ikileta pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, watumwa. Sultani wa Zanzibar alipopiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, Kivinje haikufa mara moja. Wafanyabiashara wake walishika mpira na sandarusi. Wajerumani waliweka boma hapo. Wahindi walijenga maduka ya chokaa yenye milango ya nakshi na vibaraza, duka chini na makazi juu.

Kivinje iliangushwa na kina cha maji. Bandari yake ni ya matope, maji yakipwa jahazi hukaa chini. Meli zilipokuwa kubwa zilitaka kina kirefu, nacho kilikuwa Kilwa Masoko. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia makao ya wilaya yalihamia Masoko, na barabara kuu ya Mtwara haikupita katikati ya Kivinje. Ofisi ikiondoka, karani anaondoka. Karani akiondoka, mwenye duka la vitambaa hana wa kumuuzia. Leo katika mtaa wa maduka ya zamani kuna kuta zilizoota miti.

Mwenye mtaji na alitazame hilo kwa makini. Waliojenga Kivinje hawakuwa wajinga. Walijenga kwa mawe, kwa imara, kwa kukaa vizazi. Uimara wa jengo haukuzuia soko kuhama. Ulizuia mtaji tu kuhama nalo.

Amri nayo hufunga duka

Si barabara na bahari peke yake zinazofuta maduka. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ishikwe na maduka ya ujamaa, na mara nyingi la zamani lilifungwa kabla jipya halijawa na bidhaa. Serikali yenyewe ilibidi ilegeze kamba. Lakini mwenye duka aliyekwisha kuhamisha mali yake hakurudi kwa sababu tu amri imelegezwa. Vijiji vilivyokuwa na duka moja vikabaki na rafu tupu, na sabuni ikawa kitu cha kutafutwa kwa mguu.

Kisha upepo ukageuka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baada ya 1985, enzi ya ruksa, maduka yalichipuka kila kona. Vijana wengi wa Lindi hawakusubiri neema iwafikie kijijini. Walipanda gari kwenda Dar es Salaam na kuuza kwa mkono, na jina la Machinga, sehemu ya Lindi vijijini, likawa jina la kila mfanyabiashara mdogo wa nchi hii. Mkoa uliolipa taifa neno la kuuza kwa kutembea una haki ya kusikilizwa linapozungumzwa suala la maduka yasiyotulia.

Bomba halili

Mtego mwingine umevaa sura ya neema. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba linaloingia nchi kavu Somanga Fungu. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, nalo hupokea gesi ya Songo Songo papo hapo Somanga Fungu. Kwenye ramani ya nishati ya Tanzania, Somanga ni njia panda.

Ramani hiyo imewaponza wengi. Wakati wa ujenzi, mafundi na vibarua hula, hulala, hunywa, hununua vocha na kandambili. Mwenye nyumba hupandisha kodi, dalali hutaja kilemba cha fremu ambayo mwaka jana ilikuwa banda la kuku. Kila mtu huamini mji umeshafika. Bomba likishafukiwa, halili wala halilali. Linabaki na walinzi wachache na mafundi wa zamu.

Funzo lake ni jepesi kulisema na gumu kulifuata: mteja wa ujenzi si mteja wa mji. Mkandarasi ana tarehe ya kuondoka iliyoandikwa kwenye mkataba. Mwenye duka anayeuza kwa mkandarasi naye anapaswa kuwa na tarehe yake ya kuondoka kichwani. Hali kadhalika kwa bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2023. Bandari ni jambo jema kwa wilaya nzima. Lakini anayefungua duka kwa ajili ya wajenzi wake na anayefungua kwa ajili ya wavuvi watakaoitumia wanafanya biashara mbili tofauti, hata kama fremu zao zinapakana. Na samaki wengi wakianza kushuka Masoko, mwenye diko dogo la Somanga anapaswa kujiuliza mapema mchuuzi wa barafu atakwenda wapi.

Maji yalipokata barabara

Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyoikata barabara ya Lindi katika sehemu kadhaa za wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwamo. Malori na mabasi yalikwama pande zote. Masika ya mwaka 2025 maji yaliikata tena barabara Somanga.

Kwa siku chache hali ya zamani ilirudi: mteja hana pa kwenda. Aliye na unga, maji na mkaa upande ule wa mto anauza kwa bei anayoitaka. Wengine waliiona hiyo kuwa bahati. Si bahati ya kujengea mtaji. Bei ya mkwamo hupatikana mara moja, na mwenye duka yuleyule anayemuuzia aliyekwama ndiye ambaye mzigo wake wa jumla umekwama Ikwiriri au Kibiti. Baada ya wiki mbili rafu ni tupu, na mchuuzi wa samaki anatazama barafu ikiyeyuka. Faida ya siku tatu hulipwa kwa hasara ya mwezi.

La kuzingatia zaidi ni la kudumu. Barabara inapokatika, njia ya mchepuko hupita mahali pengine, na daraja jipya linaweza kuvuta barabara mita kadhaa kando. Mita hizo kwa mhandisi si kitu. Kwa muuza samaki ni tofauti ya kuonekana na kutoonekana.

Kinachopotea ni daftari

Wachumi wakihesabu hasara ya duka lililofungwa huhesabu jengo, bidhaa na ajira. Katika kijiji cha pwani hesabu hiyo haijafika nusu.

Maisha ya Somanga hayaendi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Yanakwenda kwa maji na kwa msimu. Bamvua na maji mafu hupishana ndani ya mwezi mmoja, na mapato ya mvuvi na ya mama anayechokoa pweza hupanda na kushuka nayo. Kusi ikivuma kwa nguvu, chombo kidogo hakitoki. Mkulima naye hupata fedha ya ufuta katikati ya mwaka na fedha ya korosho mwishoni mwa mwaka. Katikati ya vipindi hivyo watu wanakula, watoto wanaugua, nyavu zinachanika, injini ya boti inataka mafuta.

Anayeziba pengo hilo ni mwenye duka. Hana chuo cha benki, ana daftari la mistari lililochakaa pembe. Anajua ni mvuvi yupi hulipa akiuza na yupi hulipa akikumbushwa. Anajua nani amefiwa, hivyo asubiriwe, na nani amenunua redio mpya, hivyo asisubiriwe. Ukutani ameandika kwamba leo ni fedha taslimu na mkopo ni kesho, lakini kila mtu anajua kwamba maandishi hayo ni ya wageni. Wenyeji hupewa mali kauli.

Duka hilo likihama au likivunjwa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mwenye duka anapoteza madeni, kwani mdaiwa hamfuati mdai Kibiti kumlipa kilo tano za sembe. Na mteja anapoteza kitu ambacho hakiandikwi popote, yaani sifa yake ya kulipa. Mwenye duka mpya hamjui. Atamtaka alipe taslimu, au atampa mkopo kwa bei iliyopandishwa kufidia wasiolipa. Kwa hiyo mvuvi mwaminifu analipishwa deni la mvuvi mkorofi, si kwa kosa lake, bali kwa sababu daftari lililomtofautisha limeondoka na mwenyewe.

Gharama hiyo haionekani kwenye taarifa ya halmashauri. Inaonekana kwenye bei ya sukari.

Zipo dawa za siku hizi. Mikopo ya simu, iliyoanza kushika kasi nchini tangu mwaka 2014, imesaidia wengi kuvuka siku mbaya. Lakini simu inamjua mtu kwa miamala yake tu. Haijui kwamba wiki hii ni maji mafu na wiki ijayo ni bamvua. Hudai siku thelathini zikifika, bahari iwe shwari au imechafuka. Vicoba vinaijua bahari, lakini mfuko wake ni mdogo na wanachama wote hukauka msimu mmoja.

Mfumo wa stakabadhi ghalani nao, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007 na baadaye kuingizwa kwenye ufuta, uligusa daftari hilo bila kukusudia. Zamani mwenye duka alikopesha kwa kutazama shamba, na wengine waligeuka kuwa wanunuzi wa kangomba waliompunja mkulima kwa kipimo. Mfumo mpya ulimpa mkulima mnada na bei ya wazi, na hilo si la kubeza. Ila fedha hupitia ushirika na benki, na ikichelewa, anayesubiri si mkulima peke yake. Msimu wa mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, bei ilipendeza lakini malipo kwa wengi yalichelewa. Maduka ya kusini yaliyokuwa yamekopesha kwa kutegemea korosho yalijifunza kwamba bei nzuri isiyolipwa hainunui mzigo Kariakoo.

Mita 30

Kuna hasara nyingine inayoweza kuzuilika kwa futi kamba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Aliyekuwa ndani ya nyongeza hiyo kabla ya sheria ana haki ya kufidiwa eneo likihitajika. Aliyejenga baadaye ndani ya hifadhi hana, hata kama alilipa ushuru kila siku ya soko na kuonyesha risiti zake zote.

Hapo ndipo wengi huponzeka. Mtoza ushuru akipokea fedha, mwenye banda hudhani ametambuliwa. Ushuru ni kibali cha kuuza leo. Si hati ya kukaa kesho. Alama ya X inapopakwa ukutani, ubishi juu ya risiti huwa umechelewa.

Chukulia mtu ana Sh. milioni 6. Hesabu hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Akijenga fremu ya tofali kwa milioni 4, anabaki na bidhaa za milioni 2. Zikizunguka mara mbili kwa mwezi kwa faida ya asilimia 10, anapata Sh. 400,000 kabla ya gharama, sawa na milioni 4.8 kwa mwaka. Akiondolewa baada ya mwaka mmoja akaokoa mabati na milango ya milioni 1, amepoteza milioni 3. Kilichobaki katika pato la mwaka ni milioni 1.8.

Mwingine anatumia milioni 1 kwa banda la mbao na mabati linalofunguliwa kwa bisibisi, na milioni 5 kwa bidhaa. Mzigo mkubwa huzunguka polepole, tuseme mara moja na nusu kwa mwezi. Anapata Sh. 750,000 kwa mwezi, milioni 9 kwa mwaka. Akiondolewa anapoteza labda Sh. 300,000 za kuvunja na kujenga upya. Tofauti ya wawili hao si juhudi. Ni kwamba mmoja aliweka fedha kwenye ukuta na mwingine aliiweka kwenye mzigo.

Lakini si haki kuishia hapo, kwa sababu banda nalo lina ubaya wake. Linavuja, linavunjwa na wezi, halikubaliki benki kama dhamana. Kijiji ambacho kila mtu ana banda la bisibisi hakitakuwa mji kamwe, na daftari la mkopo halitakaa mahali pamoja. Kwa hiyo jibu si kutojenga. Jibu ni kujenga nyuma ya mita 30, kwenye kiwanja kilichopimwa, chenye hati, hata ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hatua 20 zaidi kutoka barabarani humpunguzia mtu wateja wa pupa, lakini humwachia duka.

Wajibu wa wakubwa

Yote hayo hayawezi kubebeshwa mwenye duka peke yake. Halmashauri inayokusanya ushuru Somanga ina deni la mambo matatu.

La kwanza ni eneo la soko na kituo cha mabasi nje ya hifadhi ya barabara, lililopimwa na kugawiwa kwa waliopo kabla ya wageni wenye fedha. Liwe pale mabasi yanaposimama kweli. Machinga Complex ya Ilala, Dar es Salaam, ilijengwa kwa ajili ya maelfu ya wafanyabiashara ndogondogo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilikaa tupu kwa sababu mteja hakupita humo. Soko hufuata miguu ya watu. Haliamrishwi kwa ghorofa.

La pili ni taarifa. Mhandisi anajua miezi mingi kabla ni wapi daraja litakaa na mchepuko utapita wapi. Karatasi moja ikibandikwa ofisi ya kijiji ingemwokoa mtu asiezeke banda mahali ambapo greda litapita mwezi ujao.

La tatu ni fedha ya kuhama. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Sehemu yake ingeweza kuwasaidia wanaoondolewa barabarani wahame pamoja, kwa kundi, ili muuza samaki, muuza ndizi na wakala wa simu waendelee kupakana kama mwanzo. Wakihama pamoja, wateja wao huwafuata na madaftari yao hayachaniki. Wakitawanywa, kila mmoja anaanza upya kwa watu wasiomjua.

Kwa mwekezaji mdogo, ushauri ni huu. Kabla ya kuuliza kodi ya fremu, aulize kwa nini mteja anasimama hapo. Kama ni matope, kivuko, kambi ya ujenzi au daraja lililokatika, aingie na mzigo mwepesi na aweke tarehe ya kutoka. Kama ni samaki, mashamba na watu wanaozaliwa na kuzikwa hapo, apime mita 30, adai hati, ajenge.

Na asikopeshe zaidi ya kile anachoweza kukidai kabla greda halijafika.